Maji ya Kinu: Usafishaji wa Maji Taka ya Mafuta na Ardhi ya Lava ya Kanyaruchinya

Neno na kitu

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno yahusuyo mabaki ya vitu vilivyokamuliwa. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa tui, kinachobaki huitwa chicha. Ufuta ukishashindikwa, kinachobaki ni mashudu, nayo hulishwa ng'ombe. Nafaka ikishatwangwa huacha pumba na makapi, na mafuta yakishatulia chomboni huacha mashapo. Lakini mtu akitafuta katika kamusi jina la maji yatokayo kinuni pamoja na mafuta, maji ambayo hutengwa na mafuta hayo kisha yakamwagwa, atarudi mikono mitupu. Atakachopata ni "maji taka", istilahi pana mno inayobeba kila kitu, kuanzia maji ya kuoshea vyombo hadi maji ya chooni.

Pengo hilo lisidhaniwe kuwa ni uvivu wa watunga kamusi. Lina sababu yake katika historia ya kazi. Mafuta yaliyoshindikwa katika miji ya pwani, kwa vinu vya mbao vilivyozungushwa na ngamia, yalikuwa hasa ya ufuta na ya mbata. Ufuta ni mbegu kavu. Mbata ni nazi iliyokwisha kukaushwa. Kinu cha namna hiyo hutoa mafuta upande mmoja na mashudu upande wa pili, wala hakuna maji ya kuyapa jina. Lugha haikutaja kisichoonekana.

Zeituni na chikichi ni habari nyingine. Haya ni matunda yenye nyama, na mafuta yake yamo ndani ya nyama hiyo pamoja na maji mengi. Zeituni iliyoiva, kwa kadiri, nusu ya uzito wake ni maji. Anayekamua tunda la aina hii anakamua maji na mafuta kwa pamoja, na mara nyingi huongeza maji mengine ya moto ili mafuta yaachane na uji wa tunda. Ndiyo maana lugha za watu walioishi na mizeituni zina jina la maji hayo tangu zamani. Warumi waliyaita "amurca", neno walilolichukua kwa Wagiriki. Wahispania husema "alpechín", na katika Kifaransa cha Afrika ya Kaskazini husemwa "margines". Makala hii itayaita "maji ya kinu", si kwa kudai kwamba istilahi hiyo imekwisha kukubaliwa, bali kwa kuwa kitu hakielezeki vema bila jina.

Kwa msomaji wa Kiswahili mzeituni ni mti wa vitabu vya dini kuliko wa shambani, na jina lenyewe limetoka katika Kiarabu. Hata hivyo ndugu yake wa mwituni anaishi kwetu. Katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki huota mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien na ambao vijinga vyake hutumika kufukizia vibuyu vya maziwa. Matunda yake ni madogo na mafuta yake hayatoshi biashara. Kwa hiyo hakuna kinu cha zeituni cha kuzungumziwa kati ya Pwani na Kivu. Kilichopo, tena kwa wingi, ni kinu cha mawese. Na maji ya kinu cha mawese ni ndugu wa karibu wa yale ya zeituni. Tofauti zilizopo baina ya ndugu hao wawili ndizo zinazoonyesha ni mbinu ipi ya Mediterania inaweza kuhamia huku na ipi haiwezi.

Maji yanayomaliza pumzi ya mto

Warumi walikuwa na mashaka mawili juu ya amurca, na mashaka hayo hayajaisha. Kwa upande mmoja waliiona kuwa ni dawa. Cato, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anaitaja tena na tena: kwa kukandikia sakafu ya kupuria nafaka ili mchwa na magugu yasiisumbue, kwa kupaka ghala dhidi ya wadudu, kwa kulainisha ngozi na mhimili wa gari. Kwa upande wa pili Varro, karne moja baadaye, aliona kwamba pale maji hayo yanapotiririka kwa wingi kutoka kinuni hadi shambani, ardhi huwa nyeusi na haizai. Wote wawili walikuwa wakisema ukweli mmoja. Kiuacho wadudu ghalani ndicho kiuacho mimea shambani kikizidi.

Kitu chenyewe ni jamii ya kemikali ziitwazo fenoli. Hizi ndizo zinazoipa zeituni ukali wake, na sehemu ndogo inayobaki katika mafuta ndiyo inayosifiwa na waganga wa leo. Lakini fenoli nyingi hupenda maji kuliko mafuta, hivyo huishia katika maji ya kinu. Zinayapa rangi nyeusi na, jambo lililo baya zaidi kwa msafishaji, zinawaua au kuwalegeza bakteria ambao kwa kawaida ndio wangeyasafisha. Zikiongezwa asidi, chumvi za potasi, sukari na mabaki ya mafuta, unapatikana uchafu usiofanana kabisa na ule wa nyumbani.

Ukubwa wa uchafu wa aina hii hupimwa kwa hitaji la oksijeni. Fikra yake ni nyepesi. Bakteria wa mtoni wakipata chakula, yaani sukari, mafuta, nyuzi na vipande vya tunda, hukila. Na wakila huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Kipimo huonyesha ni miligramu ngapi za oksijeni zitatumika ili kumaliza chakula kilichomo katika lita moja. Maji taka ya kawaida ya mji huhitaji baina ya miligramu 200 na 400 kwa lita. Maji ya kinu cha mawese cha kiwandani huhitaji takriban 25,000. Lita moja ya maji safi ya mto, kwa upande wake, haibebi zaidi ya miligramu 8 au 9 za oksijeni, na penye joto au mwinuko mkubwa hubeba chache kuliko hizo. Msomaji atafanya hesabu mwenyewe: bidoni moja ya lita 20 ya maji ya kinu yaweza kumaliza pumzi ya lita zaidi ya 60,000 za mto. Samaki hawafi kwa sumu; wanafia kwa kukosa hewa.

Hapa ndipo mtu anapodanganyika. Maji ya kinu cha mawese hayana kemikali ya kutisha iliyoongezwa na kiwanda. Ni tunda na maji, basi. Mkulima akiambiwa kwamba anachafua mto, huuliza kwa haki: nimetia nini ndani yake? Jibu ni kwamba ametia chakula kingi kupita kiasi, na neno "sumu" ambalo wahamasishaji hupenda kulitumia halimsaidii kuelewa. Huku ni kuteleza kwa istilahi kunakozaa kutoaminiana, kwa kuwa mkulima huyo huyo amewaona kuku wake wakinywa maji hayo bila kufa.

Kwa zeituni, kiasi cha maji kinategemea aina ya kinu. Kinu cha zamani cha kubana kwa mikeka hutoa takriban nusu mita ya ujazo kwa kila tani ya zeituni. Mashine ya kuzungusha kwa kasi, inayotenga vitu vitatu (mafuta, maji na mashudu), huongezewa maji ya moto na kwa hiyo hutoa karibu mita moja ya ujazo kwa tani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafundi wa Hispania walieneza mashine inayotenga vitu viwili tu: mafuta upande mmoja, na upande wa pili mashudu mabichi yaliyobaki na maji yake yote. Maji ya kinu karibu yakatoweka. Ila tatizo halikutoweka. Lilihamia katika mashudu hayo mabichi, yaliyo kama uji mzito, magumu kubeba na magumu kukausha. Hata hivyo funzo lake ni la thamani, yaani kupunguza maji yaingiayo kinuni ni rahisi kuliko kusafisha yatokayo.

Kwa maji yanayobaki, nchi za Mediterania zimetegemea zaidi njia mbili zisizo na ufundi mwingi. Ya kwanza ni kuyaacha katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua la kiangazi likayakausha. Ya pili ni kuyamwaga shambani kwa kipimo. Sheria ya Italia ya mwaka 1996 iliruhusu mita za ujazo 50 kwa hekta kwa mwaka kwa maji ya vinu vya kubana, na 80 kwa yale ya mashine za kuzungusha. Varro angeridhika: ardhi inapewa kiasi inachoweza kukimeng'enya, si zaidi. Zipo pia njia za kemia, kama vile kutia chokaa ili asidi ipungue na chembechembe ziungane na kuzama, na zipo za kutumia kuvu wa kuozesha magogo, ambao kwa asili yao hula vitu vinavyofanana na fenoli. Chokaa huondoa sehemu ya uchafu na kuacha tope la kutafutiwa mahali. Kuvu hufanya kazi vizuri, lakini polepole.

Mawese

Mchikichi ni mti wa Afrika, na Kongo ina nafasi yake ya pekee katika historia yake. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilitiliana saini na Lever mkataba uliozaa kampuni ya Huileries du Congo Belge, yenye makao yake Leverville, ambayo leo ni Lusanga. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, karibu na Kisangani, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 jinsi unene wa gamba la kokwa unavyorithiwa, na kutokana na ugunduzi huo mashamba makubwa ya Asia yakapata mbegu ya tenera inayotoa mafuta mengi. Elimu ilitoka Kongo ikaenda Malaysia. Elimu ya kusafisha maji ya kinu ilizaliwa huko Malaysia, na kurudi kwake kumekuwa kwa mwendo wa kobe.

Malaysia ilipotunga kanuni zake mwaka 1977, mito yake mingi ilikuwa imekwisha kuharibika. Mpango wake ulikuwa wa hatua. Mwaka wa kwanza, 1978, viwanda viliruhusiwa kutoa maji yenye hitaji la oksijeni la miligramu 5,000 kwa lita. Kiwango hicho kikashushwa mwaka hadi mwaka, na kufikia 1984 kikawa 100. Viwanda vilivyoanza kwa kulalamika viliishia kuchimba mabwawa. Si jambo dogo kwamba sekta nzima ilipewa muda wa kujifunza badala ya kupewa amri isiyotekelezeka. Sheria za Kongo, ile ya mazingira ya Julai 2011 na ile ya maji ya Desemba 2015, zinamtaka mchafuzi agharamie uchafu wake. Zilichokosa ni ngazi ya aina hiyo, ambayo fundi mdogo angeweza kuipanda.

Neno "ngazi" limeponyoka hapa kwa mchezo. Huko mashariki mwa Kongo ngazi ni tunda la mchikichi. Kwa msemaji wa Unguja ni kitu cha kupandia. Mhariri wa pwani akisoma kwamba mtu "amechemsha ngazi kwenye pipa" huenda akaisahihisha sentensi isiyo na kosa.

Kazi yenyewe, katika vinu vidogo vya bonde la Semliki na kwingineko kuliko na joto la kutosha kwa mchikichi, huenda hivi. Mikungu hukatwa na kuachwa siku chache ili matunda yaachie. Matunda huchemshwa katika mapipa, kisha hupondwa na kukamuliwa kwa parafujo ya chuma inayozungushwa kwa mikono au kwa injini ndogo. Kinachotiririka ni mchanganyiko wa mafuta, maji na nyuzi. Huongezwa maji, huchemshwa tena, mafuta yakaelea na kuenguliwa. Kinachobaki chini, cha rangi ya kahawia, cha moto, chenye asidi na mafuta yaliyoponyoka, humwagwa. Katika viwanda vikubwa, kila tani moja ya mafuta huacha nyuma yake takriban tani mbili na nusu hadi tatu za maji hayo. Katika kinu kidogo kiasi hutofautiana kulingana na mkono wa fundi, na anayetumia maji mengi zaidi ndiye mara nyingi anayeponyokwa na mafuta mengi zaidi. Mafuta yaliyomo katika maji taka ni fedha iliyomwagwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya usafishaji haihitaji mwanasayansi: ni shimo la kutuliza au pipa la pili, ambamo maji hupoa, na mafuta ya juu huenguliwa tena kwa ajili ya sabuni.

Baada ya hapo huja kazi ya bakteria, na hapa mawese yana neema ambayo zeituni haikupewa. Maji yake yana fenoli chache kuliko zile za zeituni. Kwa hiyo bakteria hawafi, bali hustawi. Nchi nayo ina joto mwaka mzima. Bwawa la kwanza la Malaysia huchimbwa kwa kina cha mita tano au zaidi, ili hewa isifike chini. Katika giza hilo lisilo na oksijeni hufanya kazi kundi la bakteria wanaovunja mafuta na sukari kuwa asidi ndogondogo, na kundi jingine la viumbe, wa kale zaidi, wanaozigeuza asidi hizo kuwa gesi ya methani. Maji hukaa humo majuma mengi. Kisha huingia katika mabwawa mafupi ambamo jua na hewa humalizia kazi. Tani moja ya maji ya kinu yaweza kutoa takriban mita za ujazo 28 za gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani. Ikiachwa ipae, inaongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa kwa mara 28 hivi katika muda wa karne moja. Ikifunikwa na kukusanywa, inachemsha pipa la matunda.

Juu ya mwamba

Kanyaruchinya iko kaskazini mwa Goma, kwenye barabara iendayo Rutshuru, katika eneo la Nyiragongo. Mchikichi haustawi hapo. Hata kandokando ya Ziwa Kivu mwinuko unakaribia mita 1,460, na Kanyaruchinya iko juu zaidi; baridi ya usiku haifai kwa mti huo. Mawese hufika kutoka mabondeni katika mapipa na bidoni, yakaliwa, yakafanywa sabuni. Kwa nini basi kuizungumzia? Kwa sababu fundi wa sabuni, msafishaji wa mapipa ya mafuta, au mtu yeyote anayetaka kushindika karibu na soko kubwa la mji, atajikuta juu ya ardhi hiyo. Na ardhi hiyo inakataa karibu kila mbinu iliyoelezwa hapo juu.

Ni ardhi ya lava. Nyiragongo ilibubujika Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021, na chini ya mikondo hiyo mna mingine ya zamani isiyohesabika. Lava yake ina silika kidogo, hivyo ni nyepesi kutiririka na ikipoa huacha mwamba wenye vinyweleo, nyufa na mapango. Mvua ya eneo hilo huzidi milimita elfu moja kwa mwaka, lakini mtu hutembea kilomita nyingi bila kuvuka kijito. Maji huingia mwambani mara yanapoanguka na kushuka gizani kuelekea ziwani. Ziwa hilo ndilo ambalo Regideso hupampu maji ya Goma.

Bwawa la Malaysia hapa halichimbiki bila baruti, na likichimbika halishiki maji. Bwawa la Tunisia la kukaushia juani lingejazwa na mvua, kwani hakuna kiangazi kirefu cha kuliokoa. Kumwaga shambani kwa kipimo cha Italia kunadai udongo wenye kina, wenye bakteria na chembechembe za kushika uchafu. Penye utando mwembamba wa udongo juu ya mwamba uliopasuka, maji ya kinu yangepita kama kwenye chujio lililotoboka. Anayemwaga haoni matokeo. Hakuna mto unaogeuka mweusi, hakuna samaki anayeelea, hakuna jirani wa chini anayekuja kulalamika. Hiyo ndiyo hatari ya pekee ya lava: inamfichia mchafuzi ushahidi.

Wakazi wa hapo hawahitaji kuelezwa thamani ya maji. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika katika eneo la Goma, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika majuma machache, na mwamba ulizuia kuchimba vyoo na hata makaburi. Mwaka 2012 Kanyaruchinya yenyewe ikawa kambi ya waliokimbia vita vya Rutshuru, ikatawanyika Novemba ya mwaka huo mapigano yalipofika Goma. Mwaka 2021 lava iliharibu miundo ya maji ya mji, na watu laki kadhaa wakabaki bila maji ya bomba. Mwaka uliofuata kambi ilirudi, kubwa kuliko ya kwanza, na Desemba 2022 kipindupindu kikatangazwa katika eneo hilo hilo. Maji yaliletwa kwa malori, na vyoo vikajengwa juu ya ardhi, kwa kupanda vidato, kwa kuwa chini hapachimbiki. Mwanzoni mwa 2025, M23 ilipoutwaa mji wa Goma, kambi za kandokando zilivunjwa na watu wakatawanyika tena. Palipokuwa na mahema pakibaki wazi, karakana hufuata. Swali la maji ya kinu ni afadhali liulizwe kabla hazijajengwa.

Vyoo vile vya vidato vina jibu la nusu. Kisichoweza kuchimbwa hujengwa juu. Mtambo wa kuchachushia maji ya kinu si lazima uwe shimo. Waweza kuwa tangi la saruji au mfuko mzito wa plastiki uliolazwa juu ya jukwaa la mawe, uliofunikwa pasiingie hewa. Huanzishwa kwa samadi ya ng'ombe, ambayo tayari ina viumbe wanaohitajika. Maji ya kinu, yakiwa yamepoa na kuenguliwa mafuta, huingizwa kidogo kidogo. Asidi ikizidi, watengeneza methani hulegea na kazi husimama, na gesi hukoma hata kama tangi linanuka kwa uhai. Hapo majivu ya kuni au chokaa hurudisha mizani. Fundi wa sabuni anayajua majivu hayo, kwa kuwa magadi ya sabuni za kienyeji yametoka humo humo. Tofauti na bonde la Semliki, baridi ya usiku wa Kanyaruchinya hupunguza kasi ya kazi, kwa hiyo tangi halina budi kuwa kubwa kuliko vitabu vya Asia vinavyoshauri, au lipashwe moto kwa sehemu ya gesi yake lenyewe.

Gesi hiyo ina maana nyingine Goma kuliko ilivyo Malaysia. Mji hupika kwa makala. Na msomaji wa Dar es Salaam asishangae, kwani katika Kiswahili cha Kivu makala si maandishi kama haya bali ni makaa ya miti. Sehemu kubwa ya makaa hayo hutoka katika misitu ya Virunga. Tangi la karakana moja halitauokoa msitu. Litachemsha mapipa ya karakana hiyo, na hilo ni gunia kadhaa za makala kwa mwezi zisizonunuliwa. Wala hakuna haja ya kuwashawishi watu wa hapo kwamba methani huzaliwa mahali pasipo na oksijeni. Ziwa Kivu lenyewe lina takriban kilomita za ujazo 60 za gesi hiyo zilizoyeyuka katika vina vyake, chini ya mita 60 hivi ambako hewa haifiki, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza kuwa umeme tangu mwaka 2016. Tangi la karakana ni ziwa dogo lenye mfuniko.

Maji yatokayo tangini bado si safi. Yamepoteza sehemu kubwa ya hitaji la oksijeni, lakini yangali na rangi, na naitrojeni na fosforasi za kutosha kulisha mwani ziwani. Hapa ndipo mwamba uliokataa kuchimbwa unapokubali kazi. Mawe ya lava yaliyovunjwavunjwa, kwa wepesi na vinyweleo vyake, ni miongoni mwa vitu bora vya kujazia chujio la matone: mnara wa mawe ambao maji hunyunyiziwa juu yake, yakashuka polepole yakiguswa na hewa, huku utando wa bakteria uliojishikiza kwenye vinyweleo ukila kilichobaki. Mafundi wa Ulaya wamejaza vichujio vyao kwa mawe ya aina hiyo tangu zamani. Sharti moja halina msamaha, nalo ni kwamba mafuta yawe yameondolewa kabla. Yakifika kwenye mawe yanaziba vinyweleo, na mnara mzima hugeuka rundo la mawe yanayonuka. Chini ya mnara lazima pawe na sakafu ya saruji isiyovuja. La sivyo kazi yote ya juu inarudi ufani. Maji ya mwisho hayafai kunywewa. Yanafaa kwa bustani iliyoinuliwa katika matuta ya udongo, au kurudishwa kinuni kwa kuoshea mapipa.

Kila hatua hapo inagharimu, na bei ya pipa la sabuni haiachi nafasi kubwa. Karakana tano zikishirikiana tangi moja, gharama yaweza kubebeka. Moja peke yake, ni shida. Zaidi ya hayo, vita vimewafundisha watu wa barabara ya Rutshuru kutojenga kitu wasichoweza kukibeba wakikimbia. Mfuko wa plastiki hukunjwa ukapakiwa. Tangi la saruji hubaki. Wahandisi wanaopendelea saruji kwa kuwa hudumu miaka 20 wangefanya vema kuuliza ni kaya ngapi za hapo zimekaa mahali pamoja miaka 20.

Linabaki suala la jina. Katika warsha za maji zilizofanyika katika kambi, "maji meusi" yamekwisha kuzoeleka kumaanisha maji ya chooni, kwa kufuata istilahi ya kigeni. Kwa hiyo hayawezi kutumika kwa maji ya kinu, ingawa kwa rangi yangestahili. "Maji taka ya mafuta" huchanganywa na oili chakavu ya magari, ambayo ni hatari ya namna nyingine kabisa na haisafishwi kwa bakteria wa samadi. "Maji ya kinu" yana udhaifu wake pia, kwa kuwa mahali pengine Kivu kinu ni cha kutwangia sombe tu. Lakini jina hilo humlazimisha msemaji kutaja yatokako, na kumtofautishia mfanyakazi pipa la kupeleka tangini na pipa la kupeleka mbali.